Vitoto vya boga vinaoza vikiwa saizi ya yai: kata kimoja kabla hujanunua dawa nyingine

Swali: "Shikamoo bwana shamba. Naishi Kihonda, Morogoro, nina kiwanja kidogo nyuma ya nyumba. Mwezi wa tatu mvua zilipoanza nilipanda mashimo manne ya maboga, mbegu alinipa bibi. Mimea imestawi mpaka imepanda ukuta wa jirani, na majani tunachuma mboga kila baada ya siku mbili. Tatizo ni matunda. Vitoto vikifika saizi ya yai la kuku, vichache ngumi ya mtoto, vinageuka njano, vinalainika, vinadondoka. Nilikata kimoja nikakuta funza. Jirani anasema wanangu wanavinyooshea kidole. Dukani nilipimiwa dawa, napulizia asubuhi mara mbili kwa wiki, hii ni wiki ya tatu, naona ndiyo hali imezidi. Majani ya chini nayo yameanza kuwa na unga mweupe. Nifanyeje? Na nikibahatika kupata hata boga moja, mbegu zake naweza kupanda tena?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla hatujafika kwenye maboga naomba tuanze na hiyo dawa, kwa sababu majani hayo mnayala.

Umeandika "nilipimiwa". Najua maana yake. Muuzaji kachota kwenye chupa kubwa, kamimina kwenye chupa ya maji ya kunywa, kakwambia vifuniko viwili kwa ndoo moja. Hakuna jina, hakuna lebo, hakuna maelezo. Sasa kila kiuatilifu kina siku zake za kusubiri tangu kupulizia hadi kuvuna. Kuna cha siku tatu, kuna cha wiki mbili na zaidi, na hizo siku zimeandikwa kwenye lebo ambayo wewe hukupewa. Unapulizia mara mbili kwa wiki na kuchuma kila baada ya siku mbili, kwa hiyo hakuna siku hata moja ambayo mboga yako imekaa salama. Wala usijifariji kwamba unaosha vizuri. Zipo dawa zinazoingia ndani ya mmea na kutembea na maji yake; hizo hata ukizisugua kwa chumvi hazitoki.

Kwa hiyo acha kupulizia leo. Majani yaliyopo usiyakate yote, maana ndiyo yanayolisha matunda, ila yasiingie jikoni. Chuma machipukizi mapya tu, yatakayotoka kuanzia sasa, na hayo yape wiki tatu kwanza kwa kuwa hatujui ulichopulizia ni nini. Kwa hizo wiki tatu nunua mchicha. Hiyo chupa irudishe ilikotoka, na ikiwa bado iko kabatini karibu na chupa za maji, iondoe kabla hujamaliza kusoma. Siku nyingine ukihitaji dawa, taka yenye chombo chake, lebo yake na namba ya usajili wa TPHPA, ile Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Ikiwa pakiti ni kubwa kuliko mahitaji yako, nunueni majirani watatu mgawane siku ya kupulizia, siyo kugawana kwenye chupa za soda.

Tuje kwenye maboga. Unasema tangu uanze dawa hali imezidi, na mimi nakuamini. Vitoto vya boga hufa kwa sababu mbili kubwa, na ukivitazama juu juu vifo hivyo vinafanana: njano, kulainika, kudondoka. Kimoja ni kukosa uchavushaji, yaani chavua, ule unga wa ua dume, kutofika kwenye ua jike. Cha pili ni nzi wa matunda. Nadhani wewe una vyote viwili, na dawa yako ya asubuhi imekoleza cha kwanza bila kugusa cha pili.

Nenda kwenye mmea uangalie maua. Utaona mengi yamesimama juu ya kikonyo chembamba kirefu, na chini ya ua hakuna kitu. Hayo ni madume. Machache yana kikonyo kifupi kinene, na chini ya ua, kabla halijafunguka, tayari kuna kiboga kidogo kama gololi. Hayo ni majike. Mmea huanza kutoa madume peke yake, wiki nzima na zaidi, ndipo majike yanafuata. Na hata baadaye madume huwa mengi zaidi, hasa joto likiwa kali au mimea ikibanana. Wengi wanaonipigia simu kwamba "boga langu linatoa maua tu" wanatazama madume, na dawa yake ni kusubiri.

Kile kiboga kama gololi hakijawa tunda bado. Ni ahadi tu. Ua jike hufunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri limeshasinyaa, halifunguki tena maishani. Ndani ya saa hizo chache lazima chavua ya dume ifike, na chavua ya boga ni nzito, inanata, haipeperushwi na upepo kama ya mahindi. Lazima ibebwe na nyuki, na siyo nyuki mmoja kupita mara moja. Ikifika kidogo, boga hukua upande mmoja likawa kama limepinda kiuno. Isipofika kabisa, kiboga huendelea kuvimba siku mbili tatu kwa mazoea tu, kinafika saizi ya yai, kisha mmea unakata tamaa. Huanza njano upande wa ua, kinasinyaa, kinaoza.

Wewe sasa unapulizia dawa asubuhi. Saa ileile ambayo maua yako wazi na nyuki wako kazini. Ongeza kwamba masika ya Morogoro mvua hunyesha asubuhi nyingi, na nyuki hawaruki mvuani. Kule boga lilikotoka, bara la Amerika, wako nyuki maalumu wa jamii ya maboga ambao huamka mapema kuliko nyuki wa asali na karibu maisha yao yote ni ndani ya maua hayo. Sisi tulipokea boga bila nyuki wake. Tunategemea nyuki wetu wa asali na wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa, na wewe umewawekea sumu mlangoni.

Sasa kile kifo cha pili. Hapa ndipo nataka uchukue kisu. Usiokote vilivyokwisha kuwa rojorojo, hivyo huingiwa na kila aina ya funza baada ya kufa na havikwambii chochote. Chukua vitatu ambavyo ndiyo kwanza vinaanza kugeuka rangi, vingali vimeshika kwenye mmea. Vitazame ngozi kwanza, polepole, juani. Nzi wa matunda ana mkia kama sindano na anautumia kutoboa ngozi changa na kuweka mayai chini yake. Pale alipotoboa huachwa kidoa kidogo, mara nyingi kimetoa tone la utomvu lililoganda kama gundi ya njano. Kisha pasua juu ya kibao cha jikoni. Kama ndani ni pakavu, mbegu ni vijitepe vitupu na hakuna mifereji, basi huyo alikosa chavua. Kama kuna mifereji ya kahawia yenye majimaji na funza weupe, wachokonoe wawili watatu wawe juu ya kibao, halafu subiri. Funza wa nzi wa matunda akikomaa hujikunja, kichwa kikakutana na mkia, akajifyatua. Anaruka. Mara ya kwanza kuona nilikuwa kijana wa chuo, nikarudi nyuma na kiti. Wanaoruka ni wenyewe. Hao wengine wavivu wa kwenye uozo ni wageni wa msibani.

Andika umepata vingapi vya kila namna. Kama vitatu vyote ni vikavu, usihangaike na nzi, shughulika na nyuki. Kama vimechanganyika, kama ninavyohisi, fanya yote mawili.

Uchavushaji wa mkono ni kazi ya dakika tano. Jioni tembea ukitafuta maua yatakayofunguka kesho. Yanakuwa yamechongoka, ncha imeanza kuwa rangi ya chungwa badala ya kijani. Jike lifunge ncha kwa uzi wa kushonea lisifunguke, ili asubuhi ulikute peke yako. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili hivi, chuma ua dume lililofunguka siku hiyohiyo, limenye yale majani ya njano libaki kijiti cha katikati. Kiguse kwa kidole: kidole kikitoka na unga wa njano, chavua iko tayari. Fungua ule uzi, uone ndani ya jike pana uvimbe uliogawanyika, mara nyingi sehemu tatu. Paka sehemu zote, siyo moja, kwa kuwa kila sehemu inahudumia upande wake wa mbegu. Ukipata madume mawili kwa jike moja, vizuri zaidi. Funga tena kwa uzi mvua isiingie. Siku ya nne au ya tano kiboga kilichokubali kitakuwa kinang'aa, kijani chake kimeiva, na kikonyo kimeanza kuinamia chini. Ambacho hakikukubali utakijua.

Usishtuke mmea ukikubali viwili vitatu kisha ukaangusha vinavyofuata hata kama umevipaka vizuri. Boga hujipimia mzigo lenyewe. Kwa mashimo manne, ukipata maboga manane hadi kumi ya ukubwa wa kawaida, mimi nakupa mkono.

Kwa nzi, kitu kimoja tu kinashinda vyote, nacho hakiuzwi dukani: usimpe mahali pa kuzalia. Jike mmoja huweka mayai mamia katika maisha yake. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, funza hula kwa wiki moja hivi, kisha hutoka kwenye tunda na kuingia kwenye udongo, sentimita chache tu, anageuka kuwa kama punje ya mchele ya kahawia. Baada ya siku kumi hivi anatoka nzi. Kwa joto la Morogoro ni kama wiki tatu kutoka yai hadi nzi. Kila kitoto cha boga kilichodondoka ukakiacha chini ya majani ni kiwanda. Ukikitupa kwenye shimo la taka la nyumbani umehamisha kiwanda, hujakifunga.

Kila asubuhi, bila kuruka siku, okota vyote. Na vile ambavyo vina kidoa cha kutobolewa bado viko kwenye mmea, kata, usivionee huruma, havitapona. Viweke kwenye ndoo ya zamani ya rangi yenye mfuniko unaobana, acha juani wiki nzima. Zamani tulikuwa tunafunga kwenye mifuko ya rambo na kuianika. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku mwaka 2019, ndoo ndiyo mkombozi. Wanaofuga nguruwe huvichemsha wakawapa, na hapo hakuna funza atakayebaki. Kufukia pia kunafaa, lakini kufukia kwa kweli: nusu mita, udongo ushindiliwe. Kufukia kwa jembe mara mbili ni kumtandikia kitanda, maana alikuwa anatafuta udongo huo huo.

Kama una kuku, wafungulie chini ya maboga saa za mchana sasa hivi mimea ilivyokomaa. Watachakura hizo punje za kahawia vizuri kuliko wewe na jembe. Usithubutu kufanya hivyo mimea ikiwa michanga.

Halafu funika tunda. Siku ya pili baada ya kuchavusha, ua likishasinyaa, tengeneza mfuko wa gazeti la karatasi mbili, uvishe kitoto kizima, funga kwenye kikonyo kwa kamba ya katani au uzi wa sufi bila kukaza. Acha nafasi ya kukua. Mvua ikilowesha, badilisha. Nakwambia gazeti na siyo neti ya pazia kwa sababu neti ikigusana na ngozi ya tunda, nzi hutoboa kupitia tundu zake bila wasiwasi. Mfuko utabaki wiki tatu hadi nne, ukiupanua kadiri boga linavyokua, mpaka ngozi ianze kuwa ngumu. Nzi anapenda ngozi changa. Ikishakuwa ngumu anapata shida nayo. Najua unawaza kwamba ni kazi nyingi. Ni kazi kwa mwenye ekari mbili. Wewe una vitoto kumi.

Juu ya mitego nina aibu yangu ya kukusimulia. Miaka iliyopita nilifundisha kikundi kimoja cha akina mama, wanalima matango na maboga bondeni, watundike mitego ya nzi wa matunda. Nikawaletea ile niliyoizoea kwenye maembe, yenye chambo cha methili yujenoli. Baada ya wiki ilikuwa imejaa nzi, tukapiga makofi. Maboga yakaendelea kuoza vilevile. Ilinichukua msimu mzima kuelewa nilichofanya: chambo kile huvuta madume wa nzi wa maembe, yule aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 2003, na miembe ilituzunguka pande zote. Nzi wa jamii ya maboga ni wengine. Yuko wa matikiti, asili yake Asia, na wako wa kwetu wa jamii ya Dacus, wadogo kidogo, rangi ya kahawia kama nyigu aliyefifia. Watafiti wa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hapo hapo Morogoro wamewachunguza kwa miaka mingi, na hao wote hawajali chambo cha maembe. Wa matikiti ana chambo chake; ukiagiza, sema wazi ni cha nzi wa matango na matikiti. Mmoja wa wale wa kwetu hata hicho hakimvuti. Kwa hiyo mtego usikupe usingizi, hasa kwa kuwa unavuta madume tu, na anayetoboa ni jike.

Kuna jambo jingine linalosaidia kujua. Nzi hawa hawashindi kwenye boga. Jike huja kutoboa, kisha hurudi kulala na kupumzika kwenye mimea mirefu ya kando, mahindi hasa. Ndiyo maana kupulizia majani ya maboga kumekupa kazi bure: mwenyewe hakuwepo nyumbani. Wakulima wakubwa hupulizia chambo chenye protini na sumu kidogo kwenye mahindi ya pembezoni tu. Kwako sikushauri, ila pita kwenye ua wako na wa jirani utazame mitango pori, ile inayotambaa kwenye senyenge ikatoa vitunda vya rangi ya chungwa vinavyopasuka na kuonyesha mbegu nyekundu. Hiyo ni jamii moja na boga na nzi huzaliana humo mwaka mzima. Iondoe, kwa ruhusa ya mwenye ua.

Unga mweupe. Hapa kwanza nataka tuhakikishe ni ugonjwa. Maboga yetu mengi ya kienyeji yana mabaka ya fedha kwenye pembe za mishipa ya jani, tangu jani likiwa changa, na mabaka hayo ni urembo wake tu. Sugua kwa kidole. Kisipotoka kitu, acha jani lako. Kikitoka unga kama wa ngano, na umeanzia majani ya chini yaliyozeeka, huo ni ubwiri unga, ukungu unaopenda kivuli, msongamano na siku kavu zenye baridi kidogo usiku, yaani wakati huu masika yanapoisha. Kata majani ya chini yaliyojaa kabisa ili hewa ipite. Mengine pulizia maziwa. Siyo utani: mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha mwaka 1999 majaribio yake kwenye jamii hii ya maboga, na maziwa fresh ya ng'ombe sehemu moja kwa tisa za maji, mara moja kwa wiki, yaliuzuia ukungu sawa na dawa za dukani alizozilinganisha nazo. Pulizia asubuhi jua likiwa limetoka, pande zote mbili za jani, ukikwepa maua. Maziwa hukinga, hayafufui. Jani lililokwisha kuwa jeupe lote halirudi. Salfa usiguse. Wengi watakushauri, na kwenye mazao mengine ni nzuri, lakini jamii ya maboga huungua nayo jua likiwa kali. Nimeshaunguza.

Kama mmea wenyewe umekonda, majani machanga yamekunjamana, yana mabaka ya kijani kibichi na njano kama ramani, hiyo ni batobato, ya virusi, na hakuna maziwa wala dawa. Ng'oa ule mmoja, fukia, osha mikono kabla hujagusa mwingine. Huletwa zaidi na vidukari. Hao ukiwakuta chini ya majani wapige na maji ya sabuni ya mche, kijiko kimoja cha sabuni iliyokwanguliwa kwa lita moja, jioni. Kuna mbawakawa wadogo wa rangi ya chungwa wanaotoboa majani ya miche, majivu makavu asubuhi penye umande yanawatosha, urudie mvua ikinyesha. Wakizidi, twanga mbegu za mwarobaini zilizomenywa, gramu 50 kwa lita, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, pulizia jioni kwa sababu jua huua nguvu yake haraka. Sota wanaokata miche usiku, wazungushie kila mche kola ya karatasi ngumu. Huo ndio mwisho wa orodha yangu kwa Kihonda. Kwenye simu utaona video za Marekani za kiwavi anayeingia kwenye shina la boga na kuliangusha lote kwa siku moja, na watu wanalipasua shina kwa wembe kumtoa. Huyo ni wa huko. Tafadhali usilipasue shina la boga lako.

Nikusemee kidogo kuhusu kuchuma. Kukata ncha za matawi kunasaidia: tawi likikatwa hutoa matawi ya pembeni, na majike mengi hutokea huko. Lakini kila baada ya siku mbili, mimea minne, familia nzima, ni kuunyima mmea chakula cha kulea tunda. Fanya hivi: mashimo mawili yawe ya mboga, chuma utakavyo zile wiki tatu zikishapita, mawili yawe ya maboga, kata ncha mara moja kwa wiki tu kisha yaache. Na ikiwa uliweka samadi ya kuku, usiongeze tena wala usitie urea. Majani meusi tii yaliyopanda ukuta yananiambia mmea umeshiba kupita kiasi na hauna haja ya kuzaa. Tawi linapotambaa juu ya udongo fukia vifundo viwili vitatu, vitatoa mizizi na kunyonya maji ya ziada mvua zikishakatika mwezi wa sita.

Kidole sasa. Hata mama yangu alitukataza. Tulikuwa tunaonyesha boga kwa ngumi. Usibishane na jirani. Kitoto cha boga kina ngozi laini kiasi kwamba kucha ya mtoto huacha jeraha, na kila jeraha ni mlango wa uozo. Waambie wanao wasiviguse, sababu iwe yoyote.

Mbegu za bibi usizipoteze. Swali lako la kupanda tena lina jibu la ndiyo, ukijua boga linaolewa na nani. Haliolewi na tango wala tikiti, hata mkipanda shimo moja, hayo ni maneno ya mtaani. Linaolewa na maboga mengine ya aina yake, ya jirani hata mita mia kadhaa, maana nyuki hajui ukuta. Tunda la msimu huu halitabadilika ladha kwa chavua ya kigeni. Watoto watakaotoka kwenye mbegu ndio watakaobadilika. Kwa hiyo boga la mbegu liwe lile ulilolifunga uzi jioni na kulipaka mwenyewe kwa dume la mmea wako, bora kutoka shimo jingine la mbegu hiyo hiyo. Lifungie utepe wa kanga usije ukalipika kwa bahati mbaya.

Livune kikonyo kikishakuwa kigumu kama gome na ukucha haupenyi ngozi. Acha kikonyo urefu wa vidole vinne, usilibebe kwa kukishika. Liweke penye hewa na kivuli mwezi mzima lisipasuliwe. Mbegu huendelea kujaa ndani. Ukilipasua, lamba kwanza kipande kibichi kidogo. Likiwa chungu, tema, tupa lote, nyama na mbegu: uchungu huo ni sumu halisi, hauishi kwa kupikwa, na mwaka 2015 mzee mmoja Ujerumani alifariki baada ya kula chakula cha mumunye chungu la bustanini. Likiwa tamu, toa mbegu, zioshe utelezi wote, zianike kivulini juu ya ungo siku saba hadi kumi, mpaka mbegu ukiikunja ivunjike na isipinde. Chagua nene ishirini, changanya na majivu makavu ndani ya chupa ya kioo, andika mwezi na mwaka. Zilizobaki kaanga na chumvi, nyama pika na nazi.